Mwale umeonekana kwenye maji ya chumvi, umekosekana kwenye wanga: kurekebisha jaribio la Tyndall

Kwa maneno jaribio hili, lenye jina la mwanafizikia John Tyndall, ni jepesi: chumba chenye giza, tochi, gilasi mbili. Kwenye gilasi ya myeyusho halisi, kama chumvi ndani ya maji, mwanga unapita bila kuacha alama. Kwenye gilasi ya koloidi, yaani maji yenye chembe ndogo zinazoelea bila kutuama, mwanga unaacha njia inayoonekana ukiwa pembeni, kama mwale wa jua unaopenya tundu la msumari kwenye bati la jiko lenye moshi. Mbele ya darasa mambo hugeuka. Maji ya chumvi yanang'aa, wanga umekaa kimya, maziwa yamegeuka balbu nyeupe, na mwanafunzi wa dawati la mbele ameshauliza kwa nini kitabu kinasema vingine.

Mara nyingi koloidi yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye maji, kwenye umbo la mwanga au kwenye kipimo, na litafutwe kwa mpangilio huo huo.

Vipimo viwili vitarudi tena na tena hapa chini. Chembe za myeyusho halisi hazifiki nanomita 1. Za koloidi ziko kati ya nanomita 1 na 1,000. Zinazozidi hapo hutuama zenyewe. Mwanga tunaouona una urefu wa wimbi wa nanomita 400 hadi 700 hivi. Kwa chembe zilizo ndogo sana kuliko wimbi, kanuni ya John Strutt, anayejulikana zaidi kama Lord Rayleigh, ya mwaka 1871 inasema kwamba mwanga unaotawanywa hukua kwa kipeo cha 6 cha kipenyo cha chembe, na hupungua kwa kipeo cha 4 cha urefu wa wimbi. Kipenyo kikiwa mara 2, mwanga ni mara 64. Ndiyo maana vumbi kidogo ndani ya maji ya chumvi linaweza kung'aa kuliko mabilioni ya molekuli za protini kwenye gilasi ya jirani.

Anza na maji matupu

Kabla hujatia chochote, jaza gilasi maji utakayotumia, zima taa, pitisha mwanga. Unachokiona hapo ndicho sifuri yako ya siku hiyo. Maji ya bomba karibu kila mahali yataonyesha kitu, na ya kisima chenye udongo yataonyesha mwale kamili. Yanayofaa ni yaliyokenekwa, yaani mvuke uliorudishwa kuwa maji. Pasipo hayo, maji ya kujazia betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa sana, lakini soma lebo kwa makini: mtaani asidi ya betri nayo huitwa maji ya betri, na hiyo ni asidi ya salfa inayokula ngozi na nguo. Maji ya kunywa ya chupa mara nyingi yanatosha. Ya mvua pia, ukikinga baada ya bati kuoshwa na mvua ya robo saa ya kwanza.

Tazama namna mwanga unavyoonekana, si kwamba unaonekana tu. Vidoa vinavyometameta kimoja kimoja huku vikielea ni vumbi au nyuzi za kitambaa. Vinavyopanda juu au kung'ang'ania ukuta wa gilasi ni viputo vya hewa; maji yakikaa nusu saa vinatoweka. Ukungu laini usio na punje, unaofuata njia ya mwanga tangu unapoingia hadi unapotokea, huo ndio mtawanyo wa koloidi. Ukiuona kwenye maji matupu, badilisha maji.

Kuchuja kwa karatasi hakusaidii kama watu wanavyodhani. Karatasi ya kawaida ya maabara ina matundu ya mikromita 10 hivi, mara 10 ya koloidi kubwa kabisa, kwa hiyo inazuia mchanga na kuachia udongo mfinyanzi. Na karatasi kavu yenyewe inadondosha nyuzi. Ukilazimika kuitumia, mwaga mililita 20 za kwanza zinazotoka. Kuacha maji yatuame usiku kucha nako kuna kikomo: chembe ya udongo ya mikromita 1 inahitaji siku nzima na zaidi kushuka sentimita 10, na ile ya nanomita 100 inahitaji mara 100 ya muda huo. Maji ya udongo yaliyokaa wiki mbili na bado yana mwale hayajakosewa kitu. Ndivyo koloidi ilivyo.

Dalili: maji ya chumvi yana mwale

Kama maji matupu yalikuwa safi na mwale umekuja baada ya chumvi, kosa ni la chumvi. Chumvi ya mashambani pwani huja na udongo wa vidimbwi vyake. Chumvi laini ya pakiti huwekewa dawa ya kuzuia isigande, na baadhi ya dawa hizo haziyeyuki. Utaona maji yamekuwa na utusitusi mwepesi kama moshi. Yeyusha gramu 5 kwenye mililita 100, funika, acha hadi kesho, kisha vuta maji ya katikati kwa bomba la sindano bila kugusa mashapo. Ikiwa maabara ina sodiamu kloridi ya chupa, itumie na usahau chumvi ya jikoni.

Sukari ya kahawia itakuonyesha mwale kwa sababu ina masalia ya miwa. Tumia nyeupe, na uikoroge mpaka mwisho. Sukari isiyochanganyika vizuri ina dalili yake: mwanga unapinda na kutikisika kama hewa juu ya lami saa saba mchana. Huo si mtawanyo. Ni tabaka za maji mazito na mepesi zinazoupindisha mwanga, nazo huisha ukikoroga dakika 1 zaidi.

Mrututu, yaani salfeti ya shaba, una mitego miwili. Kwenye maji ya bomba yenye chokaa unatoa utusi wa buluu hafifu, ambao ni misombo ya shaba isiyoyeyuka, na huo unatawanya mwanga kweli. Tone 1 au 2 za asidi ya salfa iliyozimuliwa huusafisha. Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu unaleta jibu sahihi kwa sababu ya uongo: myeyusho wa mrututu unafyonza mwanga mwekundu. Ukiupiga leza nyekundu, mwale hauonekani hata kama ndani kuna uchafu, na darasa zima linaandika "hakuna mtawanyo". Kwa mrututu tumia mwanga mweupe au wa kijani.

Mwisho, kagua chombo. Plastiki yenye mikwaruzo inang'aa pale mwanga unapoingia na unapotokea, katikati pakiwa peusi. Vidoa hivyo viwili si mwale. Gilasi iliyotolewa kwenye friji hupata ukungu kwa nje na kuchanganya kila mtu. Ipanguse au subiri ipate joto la chumba.

Dalili: koloidi ipo, mwale haupo

Angalia umbo la mwanga kwanza. Tochi ya simu inamwaga mwanga unaopanuka kila upande, kwa hiyo inaimulika gilasi nzima na hakuna njia ya kutofautisha na pembeni yake. Chukua kadi 2 nyeusi, toboa kila moja tundu la milimita 3, zisimamishe zikiwa zimeachana sentimita 10, matundu yakiwa mstari mmoja, na simu nyuma ya ya kwanza. Kinachotoka kwenye kadi ya pili ni mwanga mwembamba na hafifu, na hafifu hiyo ndiyo inayodai giza la kweli. Pazia jepesi halitoshi. Khanga mbili zikipishana juu ya dirisha zinafanya kazi, kisha subiri dakika 5 macho yazoee. Nyuma ya gilasi weka kitambaa cheusi. Kaniki ni bora kuliko karatasi nyeusi inayong'aa.

Chombo cha pande bapa ni bora. Gilasi ya mviringo ikijaa maji inakuwa lenzi, na mwale utauona ukikutana kama pembe kabla ya kutoka. Ukilazimika kutumia ya mviringo, elekeza mwanga katikati kabisa.

Kisha hamisha jicho. Chembe zinazolikaribia wimbi kwa ukubwa, kama za maziwa, hurusha mwanga mwingi kuelekea mbele. Ukitazama kwa pembe ya digrii 90 unapata kidogo. Sogea uutazame mwanga unakokuja, digrii 30 hivi kutoka kwenye mstari wake, na mwale unapanda ghafla. Usikaribie mstari wenyewe, hasa ukitumia leza.

Leza ina matatizo yake. Ile ya kijani, nanomita 532, hutawanywa na chembe ndogo zaidi ya mara 2 kuliko nyekundu ya nanomita 650, na jicho lenyewe linaiona kijani hiyo takribani mara 8 kwa nguvu ile ile. Kwa hiyo anayelalamika kwamba leza yake nyekundu "haifanyi kazi" huenda ana koloidi nzuri tu. Tumia leza ya daraja la 2, isiyozidi miliwati 1, na usiamini sana lebo za zile za kuchezea zinazouzwa barabarani, maana nyingi zina nguvu kuliko zilivyoandikwa. Ifunge kwenye kibanio, isishikwe mkononi, na mwisho wa njia yake weka kadi nyeusi. Ukuta wa gilasi unarudisha mwanga kama kioo, hivyo panga watu wakae pembeni, wala si nyuma ya leza.

Dalili moja inawashangaza hata wazoefu: waliosimama wanautazama mwale kutoka juu wanauona, waliokaa pembeni hawauoni, au kinyume chake. Mtetemo wa mwanga wa leza nyingi nyekundu umeelekea upande mmoja, na chembe ndogo hazitawanyi mwanga kuelekea upande wa mtetemo huo. Zungusha leza yenyewe kwenye mhimili wake robo mzunguko, bila kubadilisha inakoelekea. Walioukosa watauona na waliouona wataukosa. Kwa tochi ya kawaida unaweza kupata jambo hilo hilo kwa miwani ya jua ya polaroidi: tazama mwale kwa digrii 90, inamisha kichwa upande, na mwale unafifia kisha unarudi. Ni ushahidi mzuri kuliko mwale wenyewe kwamba chembe ni ndogo.

Kama mwanga na macho viko sawa, basi ni dutu. Ute wa yai una protini za nanomita chache tu, hivyo mwale wake ni hafifu kwa asili. Tumia ute 1 kwa mililita 200 za maji ya baridi yenye gramu 1 ya chumvi. Bila chumvi baadhi ya protini zake huganda na kuleta mawingu, na maji ya moto yanaupika. Sabuni inataka kipimo cha kutosha, kwa sababu chini ya kiwango fulani molekuli zake zinaelea moja moja na hakuna vifungu vya kutawanya mwanga. Gramu 1 ya sabuni ya mche iliyokwanguliwa kwa mililita 100 za maji ya mvua yenye uvuguvugu inatosha. Kwenye maji ya kisima yenye chokaa utapata vipande vyeupe vinavyoelea, ambavyo ni utando wa sabuni na kalisi. Vinang'aa, ila si koloidi unayoitafuta.

Dalili: gilasi nzima ni nyeupe, mwale hauna mipaka

Hii karibu kila mara ni maziwa, na karibu kila mara ni mengi mno. Mwanga ukitawanywa na chembe moja, unagonga ya pili, ya tatu, ya kumi, na kufika jichoni ukitokea kila mahali. Kijiko 1 cha chai kwenye gilasi ni mara 100 ya kinachotakiwa.

Anza na tone 1 kwa mililita 250. Tone la bomba la sindano ni kama mililita 0.05, matone 20 kwa mililita 1. Koroga, tazama, ongeza tone jingine. Mwale mzuri unapatikana kati ya tone 1 na 3, na kipimo cha kujua umefika ni hiki: weka herufi iliyochapwa nyuma ya gilasi, taa zikiwa zimewashwa. Ikisomeka vizuri bado uko salama. Ikianza kuwa na ukungu, umepita. Usijaribu kurekebisha kwa kuongeza maji kwenye gilasi hiyo hiyo iliyojaa. Mwaga nusu, jaza maji, rudia.

Maziwa ya unga yanafaa, mradi uyakoroge kwa maji ya uvuguvugu kwanza na kuchukua tone kutoka humo. Unga ukimwagwa moja kwa moja kwenye gilasi unatoa madonge. Mtindi usiutumie: asidi imeshakusanya kaseini, protini ya maziwa, ikawa vipande, na utaona punje zinazoshuka.

Dalili: mwale upo lakini ni mweupe, buluu haionekani

Watu huja wakitafuta rangi ya mbingu, wanapata rangi ya maziwa. Buluu inatoka kwenye chembe ndogo peke yake. Kanuni ya kipeo cha 4 inafanya mwanga wa nanomita 450 utawanywe zaidi ya mara 4 kuliko wa 650, lakini chembe zikilifikia wimbi kwa ukubwa tofauti hiyo inapotea na rangi zote zinatawanywa karibu sawa. Ndiyo sababu ukungu wa Lushoto au Limuru ni mweupe: matone yake ni ya mikromita kadhaa.

Maziwa yana vitu viwili vinavyotawanya. Kaseini iko kwenye vifungu vya nanomita 50 hadi 500 hivi, na hiyo inaelekea buluu. Mafuta yako kwenye matone yanayofika mikromita kadhaa, na hayo ni meupe. Ondoa mafuta: acha maziwa freshi yasiyochemshwa kwenye friji usiku kucha, malai yapande, kisha chomeka bomba la sindano hadi chini na uvute mililita 1 taratibu. Maziwa ya kiwandani huwa yamesagwa mafuta yake yasipande, hivyo ujanja huo hayaukubali. Nunua yasiyo na mafuta.

Taa nayo inadanganya. Balbu nyeupe za LED zina mwanga mwingi wa buluu tangu mwanzo na mwekundu kidogo. Zinafanya maji matupu yaonekane ya buluu, halafu zinakosa wekundu wa kutosha upande wa pili kuonyesha machweo, yaani rangi ya chungwa au nyekundu ya mwanga uliopenya. Weka karatasi nyeupe mahali mwanga unapotokea na linganisha na karatasi ile ile bila gilasi. Kama unaweza kupata balbu ya waya wa zamani, au halojeni ya taa za gari ya volti 12, rangi zitakuwa bora mno. Hiyo ya gari inachoma, na gilasi nyembamba ikiikaribia inapasuka. Iwe mbali sentimita 20 angalau.

Dalili: wanga unatuama chini

Wanga mbichi si koloidi. Punje za wanga wa muhogo zina mikromita 5 hadi 30 hivi, na ndani ya nusu saa nyingi zimeshalala chini. Lazima zipikwe zipasuke. Changanya gramu 1 ya wanga na mililita 5 za maji baridi ukapata uji mwepesi, mimina kwenye mililita 100 za maji yanayochemka huku ukikoroga, acha ichemke dakika 2, poza. Kisha zimua: sehemu 1 kwa 10 za maji. Ukitia wanga mkavu kwenye maji ya moto, madonge yanafunga nje na kubaki mabichi ndani.

Unga wa muhogo wa ugali si wanga mtupu, una nyuzi. Ukamue ndani ya kitambaa chenye maji, acha maji meupe yatuame, utumie kile cheupe cha chini. Na wanga wa jana usiuamini. Ukikaa, molekuli zake hujipanga upya na kuungana, utusi unaongezeka, vipande vinashuka, na katika joto la pwani unachacha.

Dalili za salfa: haraka mno, polepole mno, au haitaki rangi

Kila aliyepita maabara ya kidato cha nne anaikumbuka alama ya X chini ya bika, inayofichwa na utusi wa salfa. Mchanganyiko ule ule wa sodiamu thiosalfeti na asidi haidrokloriki, ukiufanya mwembamba, unatoa onyesho bora la mtawanyo kuliko maziwa, kwa sababu chembe za salfa zinakua mbele ya macho. Mwanzoni ni ndogo: pembeni panageuka buluu, na mwanga unaotokea upande wa pili unakuwa wa njano, kisha chungwa, kisha mwekundu wa machweo. Zikipita ukubwa wa wimbi kila kitu kinakuwa cheupe na mwanga unazibwa.

Yeyusha gramu 4 za fuwele za thiosalfeti kwenye mililita 400 za maji, hiyo ni moli 0.04 kwa lita. Panga mwanga kabisa, ndipo utie mililita 10 za asidi ya moli 2 kwa lita na kukoroga mara moja. Ikiwa utusi umekuja kabla hujaweka chini kijiti cha kukorogea, ama umetumia myeyusho ule ule mzito wa jaribio la X, ama maji ni ya moto. Kupanda kwa digrii 10 kunakaribia kuongeza kasi mara 2, kwa hiyo Dar es Salaam mchana na Arusha asubuhi havitoi muda mmoja. Punguza thiosalfeti nusu. Ikiwa dakika 10 zimepita na hakuna kitu, asidi imechoka, au maji yako yana magadi yaliyoimeza. Jaribu kwa litmasi: lazima iwe nyekundu.

Buluu ikikosekana huku machweo yakionekana, jicho limechelewa. Dirisha la buluu ni fupi, huja kabla watu hawajaona utusi wowote kwa mwanga wa chumba. Tazama tangu asidi inapoingia.

Mchanganyiko huu unatoa salfa dioksaidi. Madirisha yafunguliwe hata kama khanga zimening'inia, na mwenye pumu akae mbali. Ukimaliza, tia magadi soda hadi povu liishe kabla ya kumwaga, na osha chombo saa ile ile kwa brashi. Salfa ikikauka kwenye kioo haitoki tena kwa urahisi, na mabaki yake yataharibu jaribio lijalo.

Dalili: koloidi ya chuma imekuwa tope

Chemsha mililita 50 za maji yaliyokenekwa. Yakiwa yanatokota, dondosha feri kloridi ya moli 1 kwa lita tone kwa tone, matone 10 hadi 15, mpaka rangi iwe ya chai ya rangi iliyokolea lakini angavu. Ondoa motoni papo hapo. Rangi ikibaki ya manjano, maji hayakuwa yanachemka. Ikitokea tope la kahawia, kuna mambo matatu: umetumia maji ya bomba, umeendelea kuchemsha, au mtu ameongeza sodiamu haidroksaidi akidhani anaharakisha. Chembe hizi zina chaji chanya na zinakaa mbalimbali kwa sababu ya chaji hiyo. Salfeti iliyomo kwenye maji ya kisima, yenye chaji hasi 2, inaiua upesi kuliko kloridi. Tope halirudi kuwa koloidi. Mwaga, anza upya.

Hapa leza nyekundu, iliyodharauliwa huko juu, ndiyo inayofaa. Koloidi hii inafyonza buluu na kijani, hivyo leza ya kijani inafia sentimita chache tu ndani. Zimua mara 5 na utumie nyekundu.

Dalili: mwale una rangi nyingine

Leza ya kijani imeingia, mwale ni wa chungwa. Leza ya zambarau imeingia kwenye maji ya toniki, mwale ni wa buluu nyangavu. Huo si mtawanyo wa Tyndall. Molekuli imemeza mwanga na kuutoa tena ukiwa na wimbi refu zaidi. Mafuta ya kupikia, kwinini iliyo kwenye toniki na klorofili ya majani yote hufanya hivyo, na kwa myeyusho halisi kabisa. Mtawanyo unahifadhi rangi ya leza. Rangi ikibadilika, usiiandike kama koloidi.

Chai ya rangi inastahili neno lake: ikiwa ya moto huwa angavu, ikipoa viungo vyake hushikamana na kuleta utusi. Gilasi ile ile inakosa mwale saa tatu na kuwa nao saa nne. Ipashe moto kidogo uone mwale ukififia.

Dalili: shabu imetiwa, mwale haujaondoka

Maji ya udongo ni koloidi ya bure, na kuuondoa mwale wake kwa shabu, chumvi ya aluminiamu ya kusafishia maji, ni jaribio zuri kuliko kuuonyesha. Yeyusha gramu 1 ya shabu kwenye mililita 100, kisha tia mililita 5 za huo kwenye lita 1 ya maji machafu, sawa na miligramu 50 kwa lita. Koroga kwa kasi dakika 1, taratibu dakika 10, acha saa 1. Aluminiamu ina chaji chanya 3 na udongo una chaji hasi. Chembe zinakutana, zinakuwa mabonge, zinashuka. Kama hakuna mabonge yaliyoonekana, ama kipimo ni kidogo, ama maji ni ya mvua yasiyo na magadi ya kuifanya shabu igande. Tia magadi soda kiasi cha ncha ya kisu. Kama mabonge yalikuja na utusi ukarudi ulipozidisha, chembe zimegeuzwa chaji kuwa chanya na zinasukumana upya. Rudi kwenye lita nyingine na kipimo cha chini.

Mbegu za mlonge, 1 kwa lita iliyochafuka wastani na 2 kwa iliyochafuka sana, zikimenywa na kutwangwa hufanya kazi hiyo hiyo kwa protini zao. Zitaacha mwale hafifu hata udongo ukishuka wote, kwa sababu sehemu ya protini inabaki majini. Maji hayo yasitumike kama sampuli ya kulinganishia.